Umbo au Mtetemo? Mjadala kuhusu Kulegea kwa Usumaku katika Sumaku za Molekuli Moja

Sumaku ya molekuli moja ni molekuli ambayo, baada ya kusumakishwa kwa uga wa nje na uga huo kuondolewa, hubaki imeelekea upande uleule kwa muda unaopimika, na hufanya hivyo kwa sifa zake yenyewe, tofauti na kipande cha chuma ambacho usumaku wake hutokana na atomu zisizohesabika zinazoshikiliana. Mwelekeo huo haudumu milele. Molekuli moja baada ya nyingine hugeuka, hadi zinazoelekea juu na zinazoelekea chini zilingane kwa idadi na sampuli nzima isionyeshe usumaku wowote. Mchakato huo ndio unaoitwa kulegea kwa usumaku, na muda unaochukua, ambao unaweza kuwa sehemu ndogo mno ya sekunde au miezi mingi, ndio kipimo cha ubora wa molekuli ya aina hii. Kwamba muundo wa molekuli ndio unaoamua muda huo, hakuna anayebisha. Ubishi uko katika kueleza ni jambo gani hasa ndani ya muundo linaloamua: idadi ya atomu za metali, umbo la kile kinachoizunguka metali, au namna molekuli nzima inavyotetema.

Wanaobishana katika kurasa hizi ni watatu, nao wamepewa majina ya kazi zao kwa sababu kila mmoja anawakilisha kundi la watafiti na si mtu mmoja: Mtafiti wa Vishada, Mwanakemia na Mwanafizikia. Mwandishi anaingilia kati pale tu hoja zinapohitaji kuwekwa sawa.

Mtafiti wa Vishada: Historia ianzie inapostahili. Mwaka 1980 mwanakemia wa Poland, Tadeusz Lis, alitengeneza fuwele za molekuli yenye atomu 12 za manganisi zilizounganishwa kwa oksijeni na kuzungukwa na asetati, na mwaka 1993 Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao wakaonyesha kuwa molekuli hiyo huhifadhi usumaku wake kwa miezi kadhaa inapopozwa hadi kelvini 2, yaani karibu kabisa na sifuri halisi ya halijoto. Siri yake ilisomeka katika mpangilio wa spini, ambazo ni usumaku wa asili wa elektroni. Atomu nne za katikati, kila moja ikiwa na spini ya 3/2, huelekea upande mmoja, na nane za nje, kila moja ikiwa na spini ya 2, huelekea upande wa pili. 16 ukitoa 6, molekuli nzima inabaki na spini ya 10. Ili spini hiyo igeuke, sharti ipande kizuizi cha nishati ambacho kimo kati ya kelvini 60 na 70 kikielezwa kwa kipimo cha halijoto, na kanuni inasema kuwa urefu wa kizuizi hupatikana kwa kuzidisha kipeo cha pili cha spini kwa anisotropia, yaani nguvu inayoifanya spini ipendelee mhimili mmoja kuliko mingine yote. Kama spini inaingia katika kanuni kwa kipeo cha pili, basi njia ya kupunguza kulegea ni kujenga vishada vikubwa zaidi.

Mwanakemia: Njia hiyo ilifuatwa na ikafika mwisho wake. Mwaka 2006 kilitangazwa kishada cha atomu 19 za manganisi chenye spini ya 83/2, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo, lakini kizuizi chake kilikuwa kidogo mno kiasi cha kutofaa kitu. Sababu inaonekana wazi mtu akiutazama muundo kwa karibu. Kila atomu ya manganisi iliyopoteza elektroni tatu hurefusha vifungo vyake viwili vinavyokabiliana, na mhimili wa urefu huo ndio mhimili ambao spini yake hupendelea. Katika kishada cha atomu 12, mihimili ya atomu nane za nje inakaribia kuwa sambamba, kwa hiyo upendeleo wao hujumlishwa. Katika kile cha atomu 19, mihimili inaelekea huku na huko, na upendeleo wa mmoja unaufuta wa mwingine. Isitoshe, Oliver Waldmann alionyesha mwaka 2007 kwamba anisotropia ya kishada hupungua kadiri spini yake ya jumla inavyokua, hivi kwamba faida ya kile kipeo cha pili huliwa yote. Kanuni aliyoitaja msemaji aliyetangulia ni sahihi, ila inasomwa vibaya, kana kwamba sehemu zake mbili zinaweza kukuzwa kila moja kivyake.

Hoja ya Mwanakemia ina uzito, na karibu wote wanaofanya kazi katika uwanja huu wameikubali. Hata hivyo si haki kuihesabu miaka ya vishada kuwa miaka iliyopotea, maana mwaka 1996 ni katika kishada hichohicho cha manganisi kwamba ilionekana kwa mara ya kwanza njia ya pili ya kulegea, nayo ni upenyaji wa kikwantamu, ambapo spini haipandi kizuizi bali hupita ndani yake. Ilionekana kama ngazi katika mchoro wa histeresisi, mchoro unaoonyesha usumaku ukichelewa kuufuata uga unaobadilika: kwa kila takribani tesla 0.45 za uga, usumaku ulishuka ghafla, kwa kuwa katika thamani hizo ngazi za nishati za pande mbili za kizuizi hulingana na spini hupata mlango. Kuna jambo dogo zaidi, ambalo Andrea Cornia na wenzake walilieleza mwaka 2002: upenyaji huo hurahisishwa na molekuli za asidi ya asetiki zilizonaswa ndani ya fuwele, ambazo hata si sehemu ya kishada, bali huvuta asetati za pembeni na kuuharibu ulinganifu wake kidogo. Molekuli ya kiyeyusho iliyosahaulika pembeni inafungua mlango ambao kemia ya kishada chenyewe ingeufunga.

Mwanakemia: Mabadiliko makubwa yalikuja pale watafiti walipoacha kuhesabu atomu na kuchagua atomu moja inayofaa. Mwaka 2003 Naoto Ishikawa na wenzake nchini Japani waliweka ioni moja ya tebiamu kati ya molekuli mbili bapa za fthalosianini, na kizuizi kikapita kelvini 300. Tebiamu na disprosiamu ni za kundi la lantanidi, ambamo elektroni zinazobeba usumaku zimejificha ndani ya atomu, na mwendo wao wa kuzunguka kiini umefungamana kwa nguvu na spini zao. Kwa sababu hiyo wingu la elektroni lina umbo, na usumaku ukigeuka, wingu hulazimika kugeuka nao. Jeffrey Rinehart na Jeffrey Long wa California walilieleza jambo hili mwaka 2011 kwa namna ambayo tangu hapo imekuwa mwongozo wa maabara: wingu la disprosiamu, likiwa katika hali yenye usumaku mkubwa kuliko zote, ni bapa kama chapati, na la ebiamu, lantanidi nyingine, ni refu kuelekea juu na chini. Ligandi, yaani atomu au molekuli zinazoizunguka metali, hubeba chaji hasi na kulisukuma wingu hilo. Kwa disprosiamu, ligandi zikiwekwa juu na chini, wingu bapa hutulia katikati mbali nazo, na kuligeuza ni kulielekeza kwenye chaji zinazolisukuma. Hapo kizuizi hupanda. Kwa ebiamu mambo hupinduka, nazo ligandi hutakiwa kuwa ubavuni. Kinachozaa kizuizi, basi, ni jiometri.

Mwanakemia: Ushahidi haukomei kwenye nadharia. Katika molekuli moja iliyochunguzwa Manchester, ioni ya disprosiamu ilishikwa na pete mbili za kaboni tano, moja juu na nyingine chini, kila pete ikiwa na vikundi vitatu vikubwa vya kaboni na haidrojeni vya kuilinda, huku atomu moja ya klorini ikiwa imejibanza ubavuni. Klorini hiyo ilipong'olewa, na nafasi ya chaji yake kuchukuliwa na ioni kubwa isiyoikaribia metali, ulibaki mhimili mmoja tu wa ligandi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 na Conrad Goodwin, Nicholas Chilton, David Mills na wenzao yalionyesha kizuizi cha takribani kelvini 1760 na histeresisi inayoonekana hadi kelvini 60. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, rekodi zilikuwa zikipanda polepole. Atomu moja iliyokuwa mahali pasipofaa ndiyo iliyozuia.

Mwanafizikia: Mfano huo ni mzuri, lakini unafaa uwekwe kando ya mwingine ambao Mwanakemia hakuutaja. Mwaka 2016 ilichapishwa molekuli ya disprosiamu yenye ligandi mbili za oksijeni, moja juu na nyingine chini, na pete tano za piridini zikiizunguka metali kiunoni. Kizuizi chake kilikuwa kelvini 1815, yaani kikubwa kidogo kuliko kile cha Manchester. Lakini histeresisi yake ilikoma kwenye kelvini 14. Molekuli mbili, vizuizi viwili vinavyokaribia kulingana, na halijoto mbili zinazopishana zaidi ya mara nne! Kama kizuizi ndicho kinachoamua kulegea, tofauti hiyo imetoka wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi, na kinafaa kifanyiwe hesabu kabla ya kuendelea. Njia ya kupanda kizuizi hufuata kanuni ya kieksponenti inayohusishwa na Raymond Orbach: muda wa kulegea ni muda fulani mfupi wa msingi, ukizidishwa kwa eksponenti ya kizuizi kilichogawanywa kwa halijoto. Kwa molekuli ya Manchester muda wa msingi ni kama sekunde 10⁻¹¹. Kelvini 1760 zikigawanywa kwa 60 hupatikana takribani 29.3, eksponenti yake ni kama 5 × 10¹², na muda wa kulegea unakuwa dakika moja hivi, jambo linaloafikiana na vipimo. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa molekuli ya 2016 katika kelvini 14, matokeo ya kugawanya ni karibu 130, na hata muda wa msingi ukiwa mfupi zaidi mara kumi, jibu linapita umri wa ulimwengu mara nyingi kuliko inavyowezekana kutamka kwa urahisi. Kwa kuwa usumaku wake haudumu hivyo, ni dhahiri kwamba katika halijoto hiyo molekuli haipandi kizuizi kabisa. Inapita njia nyingine.

Mwanafizikia: Njia hiyo nyingine hutokana na mitetemo. Molekuli haikai kama inavyochorwa vitabuni. Vifungo vyake hurefuka na kufupika, pembe zake hupanuka na kubana, na mitetemo hiyo, ambayo katika fuwele huhesabika kama vifurushi vya nishati viitwavyo fononi, huubadilisha uga unaolizunguka wingu la elektroni. Katika mchakato wa Orbach spini humeza fononi zenye nishati ya kutosha na kupanda ngazi hadi juu. Katika mchakato wa Raman, fononi mbili hushirikiana: moja humezwa na nyingine hutolewa, spini ikageuka bila kukanyaga ngazi yoyote ya kizuizi. Kwa kuwa fononi za nishati ndogo hazikosekani hata kwenye baridi kali, njia hii hubaki wazi wakati ile ya Orbach imekwisha kufungwa. Kwa maana hiyo, kizuizi kirefu ni ulinzi wa mlango mmoja tu. Molekuli ya piridini ina pete tano zinazoweza kuyumbayumba kwa nishati ndogo karibu na metali, ilhali ile ya Manchester ina pete mbili ngumu zinazoishika metali kwa kaboni tano kila moja, na mitetemo kati ya metali na pete imebanwa. Tofauti ya kelvini 14 na 60 iko hapo, wala haiko katika umbo.

Mwanakemia: Kuzibana pete na kuzipanga juu na chini ni kazi ileile ya umbo, na yaliyofuata yanathibitisha. Mwaka 2018 Fu-Sheng Guo, Richard Layfield na wenzao, wakishirikisha watafiti wa Uingereza, China na Finland, walitangaza molekuli yenye pete mbili ambazo pembe kati yake na metali ilipanuka kutoka takribani nyuzi 153 hadi zaidi ya 162, na pete zikasogea karibu zaidi na disprosiamu. Kizuizi kilipanda hadi kelvini 2200 na ushei, na histeresisi ikafika kelvini 80. Halijoto hiyo imepita kelvini 77, ambapo naitrojeni huchemka, na umuhimu wake ni wa kifedha pia, kwa kuwa naitrojeni ya kimiminika ni rahisi kupatikana kuliko heliamu. Mhimili ulinyooka, na kulegea kukapungua.

Mwanafizikia: Mhimili ulinyooka, ni kweli, lakini kuna jambo jingine lililobadilika wakati huohuo. Pete za Manchester zilikuwa na atomu za haidrojeni zilizofungwa moja kwa moja kwenye kaboni za pete, na hesabu za mwaka 2017 zilikuwa zimeinyooshea kidole mitetemo ya haidrojeni hizo kuwa ndiyo inayoifungulia spini hatua ya kwanza ya kupanda. Katika molekuli ya 2018 kila kaboni ya pete ilibeba kikundi cha kaboni, na haidrojeni hizo zikatoweka. Yanapobadilishwa mambo matatu kwa mkupuo mmoja, yaani pembe, umbali na haidrojeni, kisha sifa zote zikapewa pembe, hilo si jaribio linaloamua.

Kwa maoni ya mwandishi, Mwanafizikia ana haki katika pingamizi hili kuliko katika dai lake la kwanza. Molekuli mbili zinazolinganishwa hazitofautiani kamwe kwa jambo moja tu, kwa kuwa mwanakemia hawezi kuipanua pembe bila kuongeza ukubwa wa vikundi vinavyosukumana, na vikundi hivyo vikiongezwa, uzito, ugumu na mitetemo yote hubadilika pamoja navyo. Hata hivyo udhaifu wa kambi ya mitetemo haufichiki: inaeleza vizuri kilichokwisha kutokea, lakini bado haijawapa watengenezaji mwongozo mwepesi kama ule wa wingu bapa na wingu refu. Molekuli yenye atomu mia moja na zaidi ina mamia ya mitetemo, na kuiambia maabara kwamba mitetemo ya nishati ndogo iepukwe ni sawa na kutoiambia kitu, hadi itajwe ni mtetemo upi na ni kifungo kipi kibadilishwe.

Mwanafizikia: Lawama hiyo inapokewa kwa nusu. Lakini muundo unaohusika unavuka hata mipaka ya vifungo. Disprosiamu yenye chaji ya tatu ina elektroni tisa katika tabaka linalohusika, na kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, nadharia ya Hendrik Kramers ya mwaka 1930 hukataza upenyaji pale ambapo hakuna uga wowote wa sumaku. Maabara bado huuona upenyaji, kwa sababu uga mdogo haukosekani: molekuli jirani zina usumaku wao, na viini vya baadhi ya atomu za disprosiamu zenyewe vina spini. Ndiyo maana watafiti huchanganya fuwele na itriamu isiyo na usumaku ili kuzitenga molekuli, na mwaka 2015 timu moja ya Ufaransa ilitengeneza molekuli ileile kwa isotopu mbili za disprosiamu, 161 yenye spini ya kiini na 164 isiyo nayo, ikaona ya pili ikilegea polepole zaidi. Vifungo ni vilevile, pembe ni zilezile, ligandi ni zilezile, na kulegea ni tofauti.

Mtafiti wa Vishada: Ikiwa adui ni upenyaji, basi dawa yake imo katika kuziunganisha atomu upya, safari hii kwa fundo madhubuti. Mwaka 2011 timu za Jeffrey Long na William Evans ziliunganisha ioni mbili za tebiamu kwa naitrojeni yenye elektroni moja isiyo na mwenza, na histeresisi ikafika kelvini 14, kiwango cha kustaajabisha kwa wakati huo, kwa kuwa elektroni hiyo ilizifunga ioni mbili zigeuke pamoja au zisigeuke kabisa. Mwaka 2022 Colin Gould, Long na wenzao walikwenda mbali zaidi: ioni mbili za disprosiamu, iodini tatu katikati, pete moja kila upande, na elektroni moja inayomilikiwa na metali zote mbili kama kifungo. Katika molekuli hiyo, hata uga wa tesla 14 haukutosha kuugeuza usumaku hadi kelvini 60. Kosa la vishada vya zamani halikuwa wingi wa atomu, bali udhaifu wa kamba iliyoziunganisha.

Mwanakemia: Na kila ioni kati ya hizo mbili ina pete upande mmoja na iodini upande wa pili, zikiwa zimepangwa kwenye mhimili mmoja. Kishada kimefuzu kwa kuzitii sheria za ioni moja.

Mtafiti wa Vishada: Hilo halikanushwi. Lakini ioni moja peke yake, hata ikiwa na umbo zuri kiasi gani, haijawahi kuonyesha ukaidi wa tesla 14.

Jibu hilo la mwisho linatenganisha mambo mawili ambayo rekodi za halijoto huyachanganya. Histeresisi inaweza kuonekana katika halijoto ya juu huku mchoro wake ukiwa mwembamba, maana yake usumaku unachelewa kidogo tu nyuma ya uga, na upana wenyewe hutegemea kasi ambayo uga hubadilishwa. Hali hiyo huitwa usumaku laini. Inaweza pia kuwa pana na ngumu, kama ilivyo kwa molekuli ya 2022. Ili kupunguza utata, wengi hupendelea kutaja halijoto ambayo muda wa kulegea hufika sekunde 100, na kwa kipimo hicho molekuli ya 2018, iliyotangazwa kwa kelvini 80, inashuka hadi 65.

Mwanakemia: Basi na litazamwe tokeo la mwaka 2025. Watafiti wa Manchester na wenzao waliziacha pete na kuishika disprosiamu kwa naitrojeni mbili, na kwenye moja ya ligandi wakaning'iniza kifungo cha kaboni mbili kinachoigusa metali ubavuni na kuilazimisha pembe kati ya naitrojeni ifike takribani nyuzi 166. Kizuizi kilipita kelvini 2600, na histeresisi laini ikaonekana hadi kelvini 100. Umbo limeshinda tena.

Mwanafizikia: Limeshinda katika halijoto za juu, mahali ambapo spini hulazimika kupanda kizuizi na urefu wa kizuizi ndio unaohesabika. Katika halijoto za chini, hesabu za watafiti walewale zinaonyesha kuwa molekuli hiyo hulegea kwa njia ya Raman na kwa upenyaji, na kwa kasi inayokaribiana na ya molekuli bora zilizoitangulia, kana kwamba mamia yale ya kelvini yaliyoongezwa kwenye kizuizi hayapo. Na kile kifungo cha kaboni mbili, kilichowekwa ili kuipanua pembe, ni ligandi ya ubavuni, mahali palepale ambapo Mwanakemia alisema pasiwe na kitu. Mitetemo yake ndiyo itakayochunguzwa kwanza.